Kadi Niliyoizika Ikiwa Hai

Nakiri kwamba nilimdanganya mteja wangu mara mbili kuhusu kitu kimoja. Mara ya kwanza sikujua kuwa ninadanganya. Mara ya pili nilijua. Lile la kwanza lilikuwa kosa la fundi, na makosa ya fundi hurekebishika kwa bisibisi na subira. La pili ndilo linalonifanya niandike haya.

Mimi ni fundi wa kompyuta Maganzo, mji ulio kwenye barabara kuu ya Shinyanga kwenda Mwanza, jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui. Kazi nyingi ninazopata ni printa za stesheneri, simu zilizoingia maji, na kompyuta za mtumba: ile minara mizito iliyotumika katika ofisi za Ulaya, ikashushwa Dar es Salaam kwa kontena, ikapakiwa kwenye buti la basi hadi kwetu. Ni mashine imara, sizidharau. Anayenunua mnara wa namna hiyo kwa kawaida hununua pamoja nao monita ya zama zilezile, yenye tundu moja tu la picha, lile la buluu la VGA lenye vishimo 15. Msomaji alikumbuke tundu hilo, maana kisa chote kiligeukia hapo.

Mteja wangu ni mama mwenye studio ndogo ya video. Huku wilayani Kishapu, pamba ikishauzwa na watu wakawa na fedha mkononi, harusi hufuatana wiki kwa wiki, na ngoma nazo hazilali. Kila manju anataka wimbo wake uwe na video, wachezaji waonekane na mavazi yao, vumbi la uwanjani lionekane, kisha uuzwe kwa kuwekwa kwenye memori kadi za watu minadani. Mama huyu anajua kazi hiyo. Anajua kukata picha ifuate kishindo cha miguu. Kilichokuwa kikimchelewesha ni mashine: video ya wimbo mmoja ilikuwa ikikesha usiku kucha ikijitengeneza, na umeme ukikatika alfajiri anaanza upya.

Akaniuliza afanye nini. Nikamshauri anunue kadi ya grafiki, na nikamwandikia jina lake kwenye karatasi: GTX 1050 Ti, ya gigabaiti 4. Niliichagua kwa sababu. Pawa saplai za minara ya ofisini ni ndogo, na nyingi hazina ule mkia wa ziada wa pini sita unaohitajiwa na kadi kubwa. Sloti ndefu ya mazabodi hutoa wati 75 peke yake, na kadi hiyo imetengenezwa kuishi na wati hizo 75 bila kuomba nyingine. Ushauri huo ulikuwa mzuri. Hata leo ningeutoa vilevile. Naamini ndio ulionipa kiburi kilichofuata.

Alimtumia fedha mtoto wa kaka yake aliyeko Dar es Salaam, kijana anayehangaika na maisha Kariakoo. Zilikuwa zaidi ya laki mbili, fedha za pamba na za harusi mbili tatu alizorekodi. Kijana akanunua kadi, akaifunga vizuri kwenye boksi, akaiweka kwenye basi la Mwanza. Mama akaipokea stendi, akaja nayo moja kwa moja kwangu bila kupita nyumbani. Niliandika kwenye daftari langu jina lake, aina ya kadi na namba iliyo kwenye stika yake, kama ninavyofanya kwa kila kifaa kinachoingia.

Kuifunga nilianza vizuri. Nilichomoa umeme, nikashika bati la kasha ili umeme tuli utoke mwilini, nikang'oa kibati cha nyuma, nikaikandamiza kadi kwenye sloti mpaka kile kilimi cha pembeni kikajifunga. Nikafunika kasha. Kisha nikarudisha kila waya mahali ulipokuwa, na waya wa monita nao nikaurudisha kwenye tundu lake la zamani, la buluu, lililo kwenye mazabodi.

Nikawasha. Feni zote zikazunguka, hata ya kadi mpya. Monita ikaandika kwamba haipati mawimbi, halafu ikawa nyeusi.

Mazabodi nyingi, zikishaona kadi ya grafiki kwenye sloti, huacha kutoa picha kupitia tundu lao lenyewe na kuikabidhi kadi kazi hiyo. Picha ya mama yule ilikuwa inatoka. Ilikuwa inatokea kwenye matundu ya kadi, sentimita chache chini ya pale nilipochomeka waya, na hapakuwa na kitu cha kuipokea. Hilo nililijua. Nililisoma zamani, na ningeweza kumfundisha mtu mwingine. Lakini kujua kitu na kukikumbuka mteja akiwa ameketi mlangoni anakutazama ni mambo mawili.

Kijana ninayemfundisha kazi alinyoosha mkono, akabonyeza Num Lock kwenye kibodi. Taa yake ikawaka. Akabonyeza tena, ikazima. Akasema taratibu, "Kaka, mashine imeamka. Picha tu ndiyo haiji."

Alikuwa ameona kile ambacho mimi sikukiona. Mashine iliyokwama haijibu taa hiyo. Ukibonyeza hukaa vilevile. Ikiitika, basi prosesa inafanya kazi, ramu imesomwa, mara nyingi hata Windows imeshafunguka gizani. Kwa taa ile moja tu, kijana yule alikuwa ameondoa nusu ya sababu zote zinazoweza kuleta kioo cheusi. Nilimwambia aache kuchezea kibodi ya mteja.

Sababu ya kumjibu hivyo ninaijua. Mama alikuwa anasikia, na sikutaka asikie mwanafunzi akimtangulia mwalimu wake.

Nilipozunguka nyuma ya mashine hatimaye niliyaona matundu ya kadi: HDMI, DisplayPort na DVI. Hakuna la buluu. Kadi za mfululizo huo wa NVIDIA, ulioanza kuuzwa mwaka 2016, ziliachana kabisa na picha ya aina ya zamani. Nikatoka, nikanunua waya mwembamba wenye kichwa cha HDMI upande mmoja na cha VGA upande mwingine, nikauchomeka. Kioo kikabaki cheusi.

Hapa kosa langu la kifundi lilikomaa. VGA ni kazi ya IBM ya mwaka 1987. Picha yake husafiri kama volti zinazopanda na kushuka. HDMI, iliyokuja mwaka 2002, hupeleka tarakimu. Shaba peke yake haiwezi kugeuza kimoja kiwe kingine. Lazima katikati pawe na kibadilishi, kikebe kidogo chenye chipu ndani yake kinachosoma tarakimu na kutengeneza volti. Waya nilioununua haukuwa na kikebe. Nyaya hizo zinauzwa wazi, zinavutia kwa bei, na kwa kadi kama ile hazifanyi chochote. Mimi nikaupokea ukimya wake kama ushahidi juu ya kadi.

Kisha nikafanya jaribio lililonipoteza kabisa. Nikaing'oa kadi, nikarudisha waya wa buluu kwenye mazabodi, nikawasha. Picha ikarudi mara moja, safi, na picha ya mjukuu wa yule mama kwenye kioo. Ukiweka kadi, giza, ukiitoa, mwanga. Nani angehitaji uthibitisho zaidi? Ningetulia kidogo ningeona kwamba jaribio hilo halisemi lolote kuhusu uzima wa kadi. Linasema tu kwamba mazabodi, ikikosa kadi, hurudia tundu lake la zamani. Kadi nzima na kadi iliyoungua zote zingetoa matokeo yaleyale.

Sikutulia. Nikamwambia, "Mayu, kadi imekufa. Umeuziwa mbovu."

Ningeishia hapo, madhara yangekuwa ya fedha tu. Lakini nikauliza, "Aliyekununulia ni nani?"

Swali hilo halikuwa la ufundi. Jina la mnunuzi halibadilishi chochote ndani ya kasha la kompyuta. Niliuliza kwa sababu nilitaka lawama ipate mwenyewe, na mwenyewe asiwe mimi. Akajibu, "Mtoto wa kaka yangu." Nikatikisa kichwa nikasema, "Vijana wa Kariakoo, Mayu..." na sentensi sikuimalizia. Yeye ndiye aliyeimalizia, njiani akirudi nyumbani, na kila mtu anajua sentensi kama hiyo huishia wapi.

Kadi ikarudishwa Dar es Salaam kwa basi. Kijana akaipeleka dukani alikoinunua. Muuza duka akaichomeka mbele yake, picha ikatoka, akakataa kurudisha fedha, na kwa hakika hakuwa na sababu ya kuzirudisha. Kijana akampigia shangazi yake kumweleza kwamba kadi ni nzima. Shangazi akaona sasa wamekuwa wawili wanaomdanganya, mtoto wa kaka yake na mwenye duka. Akaacha kupokea simu zake. Baba wa kijana akasimama na mwanawe. Alikuwa na desturi ya kupita kwa dada yake kila siku ya mnada, anakunywa uji, wanazungumza habari za mifugo, akawa hapiti. Na video ambayo mama alikuwa amemwahidi manju mmoja kuikamilisha kabla msimu haujaisha ikapelekwa studio nyingine, Shinyanga mjini.

Hayo yote nilikuwa nikiyasikia. Maganzo si mji mkubwa. Niliyasikia na nikamhurumia kwa dhati, nikisema moyoni kwamba ndugu wa siku hizi hawaaminiki.

Linaloniumiza zaidi nikilifikiria ni kwamba yametokea Maganzo. Mgodi wa Mwadui ulianzishwa na John Williamson, mjiolojia wa Kanada, mwaka 1940, na mwaka 1947 ulitoa jiwe la waridi la karati 54.5 ambalo Binti Mfalme Elizabeth alizawadiwa kwa harusi yake. Tangu enzi hizo watu wa hapa wamekua wakijua kwamba almasi ghafi haing'ai. Hufanana na kipande cha chupa kilichosuguliwa na mchanga. Kwa hiyo anayenunua mawe huku hafungui mdomo kwanza. Huligeuza jiwe chini ya lenzi, huliweka kwenye mizani, hulirudia kwenye mwanga mwingine, ndipo aseme. Akilitaja jiwe la mtu kuwa chupa kabla ya kulipima, amemharibia mwenye jiwe jina, na amejiharibia lake. Mimi nimezaliwa katikati ya adabu hiyo. Niliiacha siku niliyohitajiwa kuwa nayo.

Baada ya msimu kuisha, yule kijana wa Kariakoo alipanda basi akaja mwenyewe. Hakuja na ugomvi. Alikuja kibandani pamoja na shangazi yake, kadi ikiwa kwenye begi, na akaniomba kwa heshima niifunge tena akiwa anaona. Nikaifunga. Nikanyoosha mkono kurudisha waya wa buluu mahali pake, akanishika kiganja. "Fundi, samahani. Naomba tutumie runinga." Akaenda mgahawa wa jirani, akaazima runinga ndogo pamoja na waya wa HDMI wa king'amuzi. Akachomeka upande mmoja kwenye runinga, mwingine kwenye kadi.

Picha ikaja. Ilikuwa kubwa na angavu, na yule mjukuu pale kwenye kioo.

Nilielewa kabla runinga haijawaka. Nilielewa pale aliponishika kiganja. Kila kitu kilijipanga kichwani: tundu la buluu, waya usio na kikebe, taa ya Num Lock. Mama akanigeukia akauliza, "Mbona kwako ilikataa?"

Nikasema, "Siku ile umeme ulikuwa unarukaruka, Mayu. Huenda ndio ulioikatalia."

Huo ndio uongo wa pili. Umeme siku ile haukuwa na shida yoyote. Na uongo huu ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza kwa sababu ambayo niliiona papo hapo: uliacha mlango wazi. Mama alitafakari kidogo, akamtazama mtoto wa kaka yake, akasema kwa sauti ya chini, "Au uliibadilisha ulipoona nimegundua." Kijana hakujibu. Alinitazama mimi. Neno moja kutoka kwangu lilikuwa linatosha. Nilianza kukusanya bisibisi zangu.

Walipoondoka, kijana wangu wa kazi aliirudisha runinga kwa jirani, akarudi, akafagia. Kisha akaniuliza bila ukali wowote, "Kaka, kwani ule waya hukuuona?" Nilitambua kwamba anachojifunza kwangu si kufunga kadi tu. Anajifunza pia namna ya kumjibu mteja unapokuwa umekosea, na somo nililompa siku hiyo atalitumia akiwa na kibanda chake.

Kesho yake asubuhi nilikwenda studio kwa mama yule na daftari langu. Kijana wa Dar es Salaam alikuwa ameshaondoka na basi la alfajiri. Nilimwomba mama afungue kasha mwenyewe, asome namba iliyo kwenye stika ya kadi, tarakimu moja moja, huku akifuatisha kwa kidole kwenye daftari. Zililingana zote. Ilikuwa kadi ileile niliyoipokea kwake siku ya kwanza. Ushahidi wa uaminifu wa kijana yule ulikuwa kwenye daftari langu wakati wote, kwa mwandiko wangu mwenyewe, na sikuwahi kulifungua. Kisha nikamwonyesha waya: nikauchomeka kwenye mazabodi, giza, nikaweka kibadilishi cha kweli, chenye chipu, kati ya kadi na monita yake, mwanga. Nikamwambia umeme haukuhusika, kwamba nilijua tangu jana, na kwamba nilinyamaza alipomshuku mtoto wa kaka yake.

Alikaa muda bila kusema. Halafu akasema, "Mimi umeniambia. Yeye je?"

Nilimpigia kijana pale pale, simu ikiwa kwenye spika. Alikuwa bado njiani. Nilimwambia yote kama nilivyoyaandika hapa, hata lile swali la aliyenunua ni nani. Akasema, "Nimekusikia, fundi. Nipe shangazi." Nikampa simu, nikatoka nje.

Kibadilishi nilikilipia mimi. Fedha ya ufundi niliirudisha. Video ya manju haikurudi, na sikuwa na cha kulipa badala yake. Kaka wa yule mama ameanza tena kupita kwake siku za mnada.

Tangu hapo nimesoma sana juu ya vioo vyeusi, na kila nilichosoma kimeniongezea uzito. Kadi inaweza kunyamaza kwa sababu haijazama sloti mpaka mwisho, au mkia wake wa umeme haujachomekwa, au ramu imelegea mkono ulipokuwa ukipita ndani ya kasha. Bayosi ya zamani inaweza kuikataa mpaka mipangilio ifutwe kwa kutoa ile betri ya duara kwa dakika chache. Mwaka 2018 NVIDIA yenyewe ilitoa programu ya kurekebisha kadi zake za miaka ile zilizokuwa zinabaki nyeusi kwenye baadhi ya monita za DisplayPort mpaka Windows ifunguke. Yaani hata pale hitilafu ilipokuwa kweli ndani ya kadi, kadi haikuwa imekufa; ilihitaji programu. Kadi zilizoungua kweli zipo, nimeziona, nyingine unazijua kwa harufu. Lakini ni za mwisho kwenye foleni ndefu, na mimi nilikuwa nikianza nazo.

Siku hizi sitamki kwamba kadi imekufa mpaka nimeijaribu kwenye mashine ya pili, na kwa waya ninaoujua. Nimenunua monita ya mtumba yenye HDMI kwa ajili ya kazi hiyo tu. Kijana wangu ndiye anayebonyeza Num Lock, na mimi ndiye ninayesubiri aseme alichoona. Na jina la mnunuzi siulizi.

Kwa mafundi wenzangu wa Maganzo, Mhunze, Kahama na Geita: mteja akiwa mbele yako na kioo kikiwa cheusi, una haki ya kusema bado hujui. Hakuna aliyewahi kufa njaa kwa neno hilo. Kwa mteja: fundi akikuambia kifaa chako kimekufa, mwombe akionyeshe kikifa kwenye mashine nyingine, tena ukiwa umesimama hapo. Akikasirika, chukua kifaa chako uende.

Na kwa wale waliokuja kwangu miaka ya nyuma na kadi, nikawaambia zimekwisha, nao wakaziweka uvunguni au wakagombana na waliowanunulia: zileteni. Kibanda kipo palepale. Nitazipima mbele yenu bila malipo, na nikikuta niliwadanganya, nitampigia simu aliyewanunulia nimwambie mimi mwenyewe.